Kompyuta ya Dada Yangu Ambayo Sijapata Kuiona

Kuna Jumamosi moja nilishinda nje ya nyumba ya dada yangu, nimeketi juu ya kisiki cha mnazi, nikigombana na mtu kupitia ukuta wa mbao.

Yeye alikuwa ndani. Mimi nilikuwa nje, juani.

Kati yetu palikuwa na kompyuta kuukuu ambayo sijapata kuiona kwa macho yangu mpaka leo hii ninapoandika.

Mtu huyo anaitwa Hesekaia. Simpendi, wala yeye hanipendi, na ninajua kwamba atasomewa maneno haya na atanuna. Na anune.

Mimi ni Penisimani, mwalimu mstaafu wa shule ya misheni hapa kisiwani kwetu, kwenye visiwa vya Ha'apai, katika nchi ya Tonga. Dada yangu ni Kalolaine. Mumewe, marehemu Isileli, alikuwa kaka mkubwa wa huyo Hesekaia. Kwa hiyo Hesekaia ni shemeji yangu kwa lazima. Sikumchagua.

Ugomvi wetu ni wa zamani. Nguruwe wake walifukua viazi vikuu vyangu, na hakuwahi kufungua kinywa kuomba radhi. Kisha kwenye mazishi ya Isileli akasema mbele ya watu kwamba sala yangu ilikuwa ndefu hata chakula kikapoa.

Tangu siku hiyo hatukusalimiana.

Sasa, msomaji utauliza: kama kompyuta ilikuwa ya dada yako, na wewe ndiye uliyekuwa na ujuzi, ulikuwa unafanya nini nje?

Jibu ni fupi. Ilikuwa chumbani mwake.

Kwetu kaka haingii chumba anacholala dada yake. Haingii dada akiwa mgonjwa, haingii hata akiwa safarini. Sauti yangu ilipoanza kuwa nzito nikiwa mvulana, nilihamishiwa kibanda cha wavulana, na tangu siku hiyo sijui Kalolaine analaza kichwa chake upande gani.

Tena dada ndiye mkubwa. Mimi nimesomesha kisiwa kizima, lakini Kalolaine akitoa neno, nimekwisha kutii kabla hajafunga mdomo.

Watoto wangu ndio kabisa. Kwao yeye ni shangazi, na shangazi kwetu hata mkeka wake haukanyagwi. Vijana wa upande wa mumewe wote walikuwa Australia wakichuma matunda.

Akabaki Hesekaia.

Kalolaine na Isileli walijaliwa mtoto mmoja, Toakase. Homa ilimnyang'anya masikio kabla hajajua kutembea. Alikua akizungumza na mama yake kwa mikono, lugha waliyoitunga wawili hao, mle jikoni, kati ya vyungu na majani ya magimbi. Baadaye akaenda Brisbane, huko Australia, kufanya kazi kwenye kiwanda cha kufua mashuka.

Mama mtu jicho moja lilikwisha kufa. La pili lilikuwa na ukungu.

Ukimpa simu, anaona kitu kidogo kinachochezacheza kama mdudu ndani ya kiberiti. Haoni vidole. Ndiyo maana Isileli alitafuta kompyuta yenye kioo kipana, iliyokwisha kutumiwa na ofisi fulani, akaiweka chumbani karibu na dirisha ambalo waya wa intaneti unapitia. Kila Jumamosi Kalolaine alikuwa akisogeza uso mpaka pua ikaribie kioo, na huko Brisbane binti akiinua mikono.

Walikuwa wakicheka, naambiwa, kuliko watu wenye masikio.

Isileli alipofariki, kompyuta nayo ilianza kuzeeka vibaya. Ikawa inawaka kwa kusuasua, inaganda, inazima katikati ya maneno. Habari zikanifikia.

Siku moja baada ya ibada, watu wakiwa bado wamesimama uani pa kanisa, nilisema kwamba jambo hilo ni jepesi. Nilisema sina haja ya kuingia nyumbani kwa mtu. Nitakaa shuleni, mbele ya kompyuta ya shule, niingie ndani ya ile ya dada yangu kwa njia ya waya, nione kila kitu kama mtu aliyeketi mbele yake, niitengeneze, nitoke.

Watu walipigwa na mshangao, na sikukataa kustaajabiwa.

Sikupata nafasi ya kufanya hivyo. Siku chache baadaye nikasikia kwamba Hesekaia, aliyewahi kufanya kazi Auckland na hajaacha kulitaja jambo hilo, ameng'oa mfumo wote wa zamani wa kompyuta ile na kuweka mfumo mwingine wa bure aliokuja nao kwenye diski.

Nilijua kwa nini. Sifa. Alitaka ionekane kwamba Mwalimu si wa lazima.

Na matokeo yake yakawa haya: kompyuta iliwaka vizuri, ikawa nyepesi kama iliyonunuliwa jana, lakini haikuwa na mtandao, haikuwa na sauti, haikuwa na picha. Ilikuwa kama mtu aliyeamka amesahau kwamba ana mikono.

Nieleze kidogo, kwa wasioijua kazi hii. Mfumo ndio akili ya kompyuta. Akili mpya ikiingia katika mwili wa zamani, haivijui viungo vya mwili huo mpaka ipewe programu ndogo ya kila kiungo. Mafundi huziita draiva. Kamera ipo, lakini bila draiva yake akili haijui kwamba ina jicho.

Na draiva zenyewe hupatikana mtandaoni.

Sasa kama kilichokufa ni draiva ya mtandao, utaingiaje mtandaoni kuitafuta? Ufunguo wa nyumba umefungiwa ndani ya nyumba.

Zikapita Jumamosi kadhaa bila mama na mwana kuonana. Hesekaia alihangaika, akashindwa. Mimi sikuitwa, wala sikujipeleka. Nilisema moyoni, aliyelikoroga alinywe.

Ndipo daktari akatoa habari.

Jicho lililobaki lilitakiwa kupasuliwa hospitali ya Nuku'alofa, mji wetu mkuu. Meli ilikuwa inaondoka Jumatatu. Daktari hakuficha: huenda likang'aa, huenda likazimika moja kwa moja.

Jumamosi hiyo asubuhi, Lavinia, mke wa Hesekaia, alikuja kwangu amejifunga kiunoni mkeka wa heshima, kama ilivyo desturi yetu, akaketi, akatoa ujumbe wa dada yangu. Nao ulikuwa hivi:

"Jicho hili likizimika, mwanangu hasikii sauti yangu, nami siioni mikono yake. Tutabaki na nini? Mwambieni kaka yangu aje akae nje, Hesekaia akae ndani, waitengeneze leo. Na kompyuta haitoki mahali Isileli alipoiweka."

Leo, kwa sababu kesho yake ilikuwa Jumapili, na Jumapili kwetu hata shoka hulala.

Nikaenda. Nikaketi kwenye kisiki chini ya dirisha, pazia likiwa limefungwa.

"Umefika, shemeji?" Hesekaia akauliza kutoka ndani. "Nimesikia pumzi ya mtu mwenye shahada."

Nikamwambia awashe kompyuta na apunguze mdomo.

Kazi ya kwanza ilikuwa kujua kifaa cha mtandao kilichomo ni cha aina gani, maana kila aina ina draiva yake. Nilimtajia amri ya kuandika, herufi moja moja, kama nilivyokuwa nikiwatajia watoto wa darasa la kwanza. Nilisikia kidole chake kikidonoa.

Akasema kompyuta imemjibu kwamba hakuna amri kama hiyo.

"Umeacha nafasi kati ya maneno?"

"Nafasi gani tena, Mwalimu? Humu tumebanana. Mimi, Lavinia, dada yako, na feni."

Nikamweleza maana yake. Akanung'unika, akadonoa upya. Majibu yakaja, akanisomea namba ya kifaa, nami nikaiandika kiganjani kwa kalamu.

Nikatembea hadi shuleni, nikaipata draiva, nikaiweka kwenye flashi, nikarudi. Sikutaka kumpa mkononi. Nikaiweka kwenye ngazi ya mlango wa mbele, nikarudi nyuma hatua kadhaa.

Akatoka, akaitazama, akanitazama.

"Unaniwekea chini kama mbwa?"

"Mbwa angetikisa mkia," nikamjibu.

Akaiokota akaingia. Haikupita muda nikasikia anacheka, na alicheka kwa makusudi, ili majirani walioko ng'ambo ya ua nao washiriki. Draiva imekataliwa. Nilikuwa nimechukua ile ya kompyuta za kisasa, na hii ilikuwa ya kizazi cha nyuma, isiyoweza kuisoma.

"Mwalimu umechemsha," akasema. "Na hapo hujala. Ukishiba itakuwaje?"

Kosa lilikuwa langu. Nikaenda shuleni mara ya pili, jua likiwa utosini, nikaja na iliyo sahihi.

Akaanza kuiweka. Draiva ikiwa katikati ya kuingia, ngoma ya mbao ya kanisa ikalia kuwaita waimbaji mazoezini. Hesekaia ni mshika sauti ya chini. Nikasikia kiti kinasogezwa.

Nikamuuliza anakwenda wapi.

Akasema Bwana anaita.

Nikamwambia Bwana anaweza kusubiri draiva imalize, na kwamba sauti yake ya chini haijamkosesha mtu usingizi hata mara moja. Akapita mbele yangu na kitabu chake cha nyimbo kwapani, akaenda. Aliniacha pale kisikini. Lavinia akanipitishia maji kwenye kikombe, nikayanywa. Niliwasikia kwa mbali wakiimba juu ya upendo wa ndugu.

Aliporudi, aliona kazi imekwisha kukamilika yenyewe. Akasema tu, "Haya, taa ya mtandao imewaka."

 Kisha nikasikia sauti ya Lavinia ikisema kwamba jina la Toakase linaonekana. Binti yuko. Amekuwa akisubiri.

Hesekaia akabonyeza. Picha ikaja.

Sikuiona. Nilisikia tu mkeka ukisuguka, na nikajua kwamba dada yangu anasogea karibu na kioo.

Lakini furaha ilikuwa ya upande mmoja. Mama alimwona mwana. Mwana hakumwona mama. Huko Brisbane kioo kilikuwa cheusi tupu. Toakase aliinua mikono akauliza, na Hesekaia, aliyemlea mtoto huyo na kuijua mikono yake, akanitafsiria kupitia ukuta kwa sauti ambayo kwa mara ya kwanza siku hiyo haikuwa na dhihaka:

"Anasema, mama, mbona umezima taa?"

Mama mtu angejibu nini? Kuandika hawezi, herufi hazioni, na hata tungemwandikia sisi, Toakase hakujifunza kusoma. Kusema hakuna faida. Mikono yake ndiyo sauti yake, na mikono haikuwa ikifika.

"Kamera," nikasema. "Draiva ya kamera haraka."

Sasa kwa kuwa mtandao ulikuwepo, hatukuhitaji flashi. Nilimwelekeza pa kuitafuta, akaipata, akaiweka. Kompyuta ikasema kamera imetambuliwa.

Picha ikabaki nyeusi.

Nikamwambia aitoe, aweke nyingine. Akaweka. Kompyuta ikakubali, ikasema kila kitu ni salama.

Nyeusi.

Tukazima, tukawasha. Tukaweka ya tatu. Toakase akauliza kama mama yake amekasirika. Kisha akauliza kama jicho limekwisha kuzimika, na watu wanamficha. Kisha akasema gari la kiwanda litampitia, zamu yake inakaribia, na akaanza kulia.

Hayo yote Hesekaia alikuwa akiyatafsiri, na kila tafsiri ilinipanda kichwani kama pilipili.

Nikasimama. Nikayasema niliyokuwa nimeyaweka tangu siku ile aliyong'oa mfumo.

Nilimwambia kwamba yeye ndiye aliyeiua kompyuta hii. Kwamba mfumo wa zamani ulikuwa mbovu lakini ulikuwa na macho. Kwamba aliung'oa kwa tamaa ya kusifiwa, kwa kutoweza kuvumilia kwamba kuna kitu kijijini hapa ambacho hakukijua. Nilimwambia kwamba amemdhulumu mjane wa kaka yake, na kwamba Isileli angekuwa hai angemtandika.

Majirani walikuwa wameacha kazi zao. Sikujali.

Nilingoja ajibu. Hesekaia hajapata kushindwa kujibu.



Lavinia akaanza kusema neno, "Lakini Mwalimu, si yeye aliye..." na mumewe akamkatiza, akamwambia anyamaze.

Kisha akaniambia taratibu, "Shemeji, tukana mpaka ushibe. Ukimaliza niambie cha kubonyeza."

Ule upole ndio ulionikasirisha zaidi. Nikamuuliza kama jicho la kamera lina kitaa kinachowaka.

"Hilo jicho liko wapi?"

Nikamwambia nitajuaje liko wapi, na mimi sijaiona hiyo kompyuta. Mara nyingi huwa ni tundu dogo juu ya kioo, katikati.

"Hapo katikati hakuna tundu. Kuna kitambaa cheusi, kimezungushwa na kufungwa nyuma."

"Kifungue."

"Sikifungui."

"Hesekaia, mtoto anakwenda kazini."

"Hiki ni kitambaa cha msiba," akasema, na sauti yake ikawa ngumu. "Kompyuta ilikuwa ya kaka yangu, na mjane wake ameifunga kitambaa cheusi. Nimekikuta hapa na nimekiheshimu. Hunitumi nivue msiba wa kaka yangu, wewe wala shahada yako."

 Msiba wa mtu hauvuliwi na mwingine. Hata mimi nisingeugusa.

Ndipo nikasikia sauti ambayo tangu asubuhi haikuwa imesikika. Sauti ya dada yangu. Hakusema nami, alisema na ukuta, kama inavyopasa.

"Shemeji, mwambie kaka yangu kwamba kitambaa hicho si cha msiba."



"Mwambie nilikifunga siku ile ile aliyotangaza uani pa kanisa kwamba ataingia humu kwa njia ya waya, na kuona kila kitu kama mtu aliyeketi mbele yake. Mimi huvulia nguo humu. Isileli alinionyesha jicho la kamera lilipo. Na mwambie mfumo sikuletewa. Ni mimi niliyekuomba uung'oe ule wa zamani, ili njia yake ifie humo."

Hesekaia hakunitafsiria. Hapakuwa na haja.

Nilibaki nimesimama na jua langu.

Maisha yangu yote nimeuogopa mlango wa chumba kile. Nimezunguka nyuma ya nyumba, nimekohoa kabla ya kukata kona, nimegeuza uso nguo zake zikiwa kambani. Kisha nikasimama mbele ya waumini nikajisifu kwamba nitapita ukutani.

Na waumini walinishangaa, nami nikadhani wananisifu.

Yeye alikuwa pale, na kofia yake ya Jumapili, akasikia kaka yake akitangaza kwamba atachungulia chumba chake. Hakusema neno. Angesemaje? Neno lenyewe halisemeki kati yetu. Alifunga kitambaa, akang'oa mfumo, na kwa kufanya hivyo akajitenga na mwanawe mwenyewe. Alichagua kumkosa Toakase kuliko kunilaumu mimi.

Hata asubuhi ile, pamoja na meli ya Jumatatu, aliamini kwamba nikiketi nje ya dirisha na waya umerudi, huenda nami nimerudi na waya.

Sikuwa na muda wa kutafakari. Gari la kiwanda lilikuwa linakuja.

Nikasema kwa sauti ya kusikika na majirani wote, maana kosa lilitendwa hadharani:

"Hesekaia, mwambie dada yangu kwamba mfumo huu mpya hauna njia yangu. Nimezima kompyuta ya shule, na ufunguo wa chumba cha kompyuta pale shuleni ninao hapa. Nauacha kwenye ngazi, akae nao yeye. Mwambie ninakwenda barabarani, na nitageuza mgongo."

Nikauacha ufunguo. Nikaenda mpaka ukingo wa barabara, nikaketi chini mavumbini, nikielekea baharini. Watu walipita wakaniona mwalimu wao amekaa chini kama mtoto aliyefukuzwa darasani. Hakuna aliyethubutu kuuliza.

Kwa muda sikusikia kitu.

Ujue kwamba mazungumzo yao hayana sauti. Wangeweza kuwa wanaambiana lolote, au wamekatika, au gari limekwisha kumchukua binti, nami nisingejua.

Kisha nikasikia makofi. Makofi mawili makavu, viganja vya Kalolaine vikigongana katika lugha yao, kisha makofi tena.

Halafu dada yangu akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mazishi. Kicheko chake kilianza chini, kikapanda, kikakatika, kikaanza tena, na kiliendelea muda mrefu hata Lavinia naye akaambukizwa.

Sikugeuka.

Kivuli kilikuwa kimeanza kurefuka pale Hesekaia alipokuja. Hakuketi. Alisimama kando yangu akitazama bahari ile ile.

Nikamuuliza kama gari lilimwacha binti. Akasema gari lilikuja likapiga honi, na yeye, kwa bahati, hasikii honi.

Nikamuuliza kwa nini alikubali kutukanwa siku nzima na jibu alikuwa nalo mdomoni.

"Ningekwambia nini, Mwalimu? Mambo ya chumba cha dada wa mtu haambiwi kaka wa mtu. Hata kama kaka mwenyewe ni mpumbavu." Akatema mate pembeni. "Kitambaa nilikuwa sikijui. Mfumo ndio nilioujua, na nisingeusema mpaka nife."

Nilimwambia nimekosa. Maneno hayo yalitoka kwa shida, na hakunisaidia kuyatoa.

"Mama yake amemsimulia," akasema badala ya kujibu. "Jinsi mimi na wewe tulivyobwatukiana ukutani tangu asubuhi mpaka majirani wakaacha kupika. Unajua Toakase amesemaje?"

Nikasema sijui.

"Amesema leo ndiyo siku aliyomshukuru Mungu kwa masikio yake."

Akageuka akaenda zake.

Jumatatu tulimsindikiza Kalolaine gatini. Mimi nilisimama nyuma ya watu, mahali pa kaka. Alipita karibu yangu, akasita, akaliweka mkononi mwa Lavinia kapu dogo, na Lavinia akanipa mimi. Ndani mlikuwa na chakula alichopika mwenyewe. Ufunguo wa shule hakuurudisha.

Jicho halikupona.

Nasema hivyo bila kuzungusha, kwa sababu wengi huandika hadithi zao zikaisha kwa nderemo. Daktari alifanya alichoweza. Dada yangu sasa haoni kabisa, na Jumamosi ile ndiyo iliyokuwa ya mwisho kwake kuiona mikono ya mwanawe. Sehemu kubwa ya siku hiyo mimi niliitumia kutafuta kosa ndani ya draiva.

Toakase ameacha kiwanda, amerudi nyumbani. Naambiwa huketi na mama yake chumbani, mama akiishika mikono ya binti ndani ya mikono yake, akisoma vidole kimoja kimoja kwa kuvipapasa, na wanacheka kama zamani. Naambiwa, nasema, maana sijaona, na sitaona.

Hesekaia bado simpendi. Lakini akiwa ndani ya nyumba ile, mimi hulala usingizi.

Ninyi vijana mnaosoma haya kwenye simu zenu, sikieni neno la mtu mzima. Wazee wetu walitufundisha ni milango ipi tusiipite. Hawakutufundisha habari za waya na kamera, kwa kuwa hawakuzijua. Sehemu hiyo walituachia sisi tuifikirie wenyewe, nami sikuifikiria.

Ukionyeshwa njia mpya ya kufika mahali, usikimbilie kujisifu kwamba unaijua. Uliza kwanza inapita chumbani kwa nani.